Mikono ni yako, mlio ni wa nani? Triga na sampuli za ngoma katika studio ya chumbani Mahoo

MPIGA drumu wa kwaya yetu alivua hedifoni, akaziweka juu ya godoro taratibu kama mtu anayerudisha kitu cha wenyewe, kisha akaniuliza: "Drumu hizi kapiga nani?"

Nikacheka. "Si wewe, kaka! Juzi, pale kanisani."

"Mikono ni yangu, naisikia," akasema. "Lakini huyu anayelia simjui."

Hakukasirika. Angekasirika ningejua la kumjibu. Alipanda bodaboda akaenda zake, akaniacha na wimbo ambao nusu saa kabla nilikuwa nauona kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya.

Kama na wewe unatengeneza biti chumbani, iwe ni Voi, Mombasa au Nairobi, huenda umeshafanya kosa langu bila mtu kukuambia. Ndiyo sababu naliandika hapa, pamoja na njia niliyopita kulirekebisha.

Chumba, mablanketi na njia mbili

Studio yangu ni chumba kimoja cha nyumba ya mabati hapa Mahoo, karibu na mji wa Taveta. Asubuhi mawingu yakifunguka, Kilimanjaro inaonekana wazi upande wa pili wa mpaka. Ukutani kuna mablanketi mazito ya kuzuia mwangwi. Mezani kuna laptopu ya mtumba, kadi ya sauti yenye njia mbili za kuingizia, maiki moja na hedifoni. Kuna feni pia, lakini tukianza kurekodi inazimwa, kwa hiyo waimbaji wangu wote huimba wakitoka jasho.

Kwa muimbaji na gitaa, vifaa hivyo vinatosha. Shida ni drumu. Seti kamili inataka maiki ya kiki, maiki ya sinea, moja kwa kila tomu na mbili juu za kunasa matoazi. Hizo ni maiki saba au nane. Mimi nina njia mbili.

(Kwa asiyezoea: kiki ni ile ngoma kubwa inayopigwa kwa mguu, si kiki za mastaa wa Bongo za kutafuta umaarufu. Sinea ni ile yenye nyuzi chini, inayolia "tak".)

Halafu kuna hali yenyewe. Sinea ya kanisa ilikuwa na ngozi iliyochakaa, imebandikwa selotepu. Kiki ilikuwa inalia kama katoni tupu. Nje kulikuwa na jogoo, pikipiki na watoto. Mvua ikigusa mabati, kazi imekwisha.

Hapo ndipo niliposikia habari za triga.

Triga inafanya nini?

Triga ni kidude kinachohisi mtikisiko. Moyo wake ni kijisahani cha shaba chenye kauri nyembamba iliyobandikwa juu. Ukikigonga, kauri hiyo inatoa umeme kidogo sana. Kinaitwa piezo, na huenda umeshakishika bila kujua: kimo ndani ya kengele nyingi za bei rahisi za mlangoni, na ndani ya zile kadi za Krismasi zinazoimba ukizifungua.

Kidude hicho unakibandika kwenye ngozi ya drumu, karibu na ukingo. Mpigaji akipiga, hakisikilizi muziki, jogoo wala mvua. Kinahisi pigo tu. Kinatuma habari mbili: pigo limetokea lini, na lilikuwa na nguvu kiasi gani. Programu ya kompyuta ikipata habari hiyo, inaachilia sauti iliyorekodiwa mapema na kuhifadhiwa kama faili. Sauti hiyo ndiyo sampuli.

Ni kama swichi na taa. Mpigaji anabonyeza swichi hapa, taa inawaka kule. Drumu yako mbovu ya kanisani inageuka swichi, na taa inayowaka inaweza kuwa kiki iliyorekodiwa katika studio kubwa ya Marekani kwa maiki za bei ya shamba.

Triga za dukani zipo. Zina kibanio cha kushika ukingo wa drumu na zinaunganishwa na kisanduku chenye sauti ndani yake. Roland ni miongoni mwa kampuni zinazoviuza. Mimi sikuwa na pesa hizo. Fundi wa redio alinilehemea vijisahani viwili kwenye waya za gitaa, nikaviwekea sponji kidogo na selotepu, kimoja kwenye kiki, kimoja kwenye sinea. Njia zangu mbili zikatosha.

Ukijaribu, anza na sauti ya kuingizia ikiwa chini kabisa kisha uipandishe polepole, maana piezo ikigongwa kwa nguvu hutoa mpigo mkali. Na uzime ule umeme wa volti 48 unaotumiwa na maiki za kondensa. Huuhitaji hapa.

Kwa programu, natumia Reaper. Leseni yake ya bei nafuu ni dola 60, na unapewa siku 60 za kujaribu kwanza. Ndani yake kuna kifaa cha kugeuza pigo kuwa noti, na kingine cha kuchezea sampuli. Kukatakata sauti unaweza kufanya hata kwa Audacity, ambayo ni ya bure.

Vitasa vinne vya kuelewa

Triga ina vitasa vingi kwenye skrini, lakini vinne ndivyo vinavyoamua kama wimbo utapona.

Cha kwanza ni kizingiti. Hapa unaiambia programu: pigo lisilofika kiwango hiki, lipuuze. Ukikiweka chini mno, mtikisiko wa kiki unaamsha sinea, na hata mguu wa mtu anayepita unageuka muziki. Ukikiweka juu mno, mapigo madogo ya mpigaji yanakufa kimyakimya. Likumbuke hili, nitalirudia.

Cha pili ni muda wa kunyamaza. Ngozi ya drumu ikipigwa mara moja inaendelea kutetemeka, na programu inaweza kudhani imepigwa mara tatu. Kwa hiyo unaiambia inyamaze kidogo baada ya kila pigo. Mimi huanzia milisekunde 40. Ukizidisha, mpigaji akipiga mfululizo wa haraka, nusu ya mapigo yake yanamezwa.

Cha tatu ni nguvu. Lugha ambayo vyombo vya muziki na kompyuta huzungumza tangu mwaka wa 1983, inayoitwa MIDI, hupima nguvu ya noti kuanzia 1 hadi 127. Ukizembea, kila pigo linaweza kutoka na 127, yaani mpigaji wako anapiga kelele mwanzo hadi mwisho, hata pale anaponong'ona.

Cha nne ni uchelewaji. Kompyuta hukusanya sauti kwa mafungu kabla ya kuitoa. Ukirekodi kwa kasi ya vipande 44,100 kwa sekunde, fungu la vipande 1,024 ni kama milisekunde 23. Sauti husafiri hewani takriban sentimita 34 kwa milisekunde moja, kwa hiyo ni kama mpigaji anasikia drumu yake ikilia karibu mita 8 mbele yake. Hawezi kucheza hivyo. Fungu la vipande 256 linashusha uchelewaji huo hadi kama milisekunde 6. Lakini kama unarekodi mapigo kwanza na kubadilisha sauti baadaye, usijisumbue: mpe mpigaji asikie drumu zake mwenyewe, kazi ya sampuli uifanye usiku peke yako.

Ndivyo nilivyofanya. Na usiku, peke yangu, ndipo nilipoharibu.

Nilivyomfuta mtu

Nilikuwa na furushi la sampuli nililopewa kwenye flashi na jamaa mmoja, ambaye naye alipewa na mwingine. Kiki moja humo ilikuwa inapasua kifua. Sinea moja ilikuwa inalia kama bunduki. Nikazichagua hizo mbili. Maiki niliyokuwa nimeiweka katikati ya chumba nikaizima kabisa. Kizingiti nikakipandisha ili nisisumbuliwe na takataka. Nguvu za mapigo nikazisawazisha zote. Wimbo ukawa msafi na mkubwa, unafanana kabisa na zile zinazopigwa redioni.

Mpigaji wetu ana tabia moja. Katikati ya mapigo makubwa, mkono wake wa kushoto hugusagusa sinea kwa mapigo madogo sana, kama mtu anayebisha hodi huku hataki kuwaamsha watoto. Hayo ndiyo yanayofanya kwaya iyumbe pamoja. Amejifundisha mwenyewe kwa miaka, kanisani, bila mwalimu.

Kizingiti changu kilikuwa kimeyaua yote.

Yale makubwa yaliyobaki yalikuwa faili moja, ikijirudia mara mia kadhaa kwa nguvu ileile. Sikio la binadamu halidanganyiki hapo. Hakuna mtu anayepiga mara mbili sawasawa. Fimbo inagusa pale au hapa, mkono umechoka au umechangamka. Ukisikia sauti ileile kabisa ikirudi haraka haraka, unasikia mashine.

Kwa hiyo jamaa alikuwa sahihi. Mikono ilikuwa yake, ila nilikuwa nimeitoa damu. Na yule "anayelia" alikuwa mtu wa mbali nisiyemjua mimi wala yeye.

Kila sampuli ina mkono nyuma yake

Hilo la "mtu nisiyemjua" ndilo lililoninyima usingizi.

Tunasema "sauti za kompyuta" kana kwamba kompyuta ilizizaa. Mwaka wa 1980 Mmarekani Roger Linn alitoa mashine iitwayo LM-1, ya kwanza ya aina yake kutumia sauti za drumu halisi zilizonaswa kidijitali. Bei yake ilikuwa takriban dola 5,000. Kabla yake mashine nyingi za ngoma zilikuwa zinaunda sauti kwa umeme mtupu. Tangu hapo, nyuma ya kila sampuli ya drumu halisi kuna mtu aliyekaa kwenye kiti, akashika fimbo, akapiga.

Mjue mmoja wao. Mwaka wa 1969 kundi la Marekani liitwalo The Winstons lilirekodi wimbo uitwao "Amen, Brother". Katikati, vyombo vingine vinanyamaza na mpiga drumu Gregory Coleman anabaki peke yake kwa sekunde chache, zisizofika hata kumi. Miaka ya 80 mashine za sampuli zilipoenea, watayarishaji wakazichukua sekunde hizo. Zikaingia kwenye hip hop, kisha Uingereza zikawa uti wa mgongo wa jungle na drum and bass. Zimetumika katika maelfu ya nyimbo. Coleman alifariki mwaka wa 2006 akiwa maskini, bila kulipwa chochote kwa mapigo hayo. Kiongozi wa kundi, Richard Spencer, naye hakuona malipo, mpaka mwaka wa 2015 mashabiki walipochanga mtandaoni na kumpelekea pauni takriban 24,000.

Usidhani ni mambo ya mbali. Fadhili William, aliyeirekodi "Malaika" na kuifanya ijulikane miaka ya 60, alikuwa mzaliwa wa hapa hapa Taita Taveta. Wimbo huo umezunguka dunia, umeimbwa na Miriam Makeba na Boney M, na mpaka leo watu wanabishana ni nani aliyeutunga. Kama wimbo mzima wenye maneno na jina unaweza kugombaniwa hivyo, kipigo kimoja cha ngoma kisicho na jina kitatetewa na nani?

Mafurushi halali ya sampuli yapo. Mengi unayanunua mara moja, au unapewa bure, ukiwa na ruhusa ya kuyatumia katika nyimbo zako, ila si kuyauza tena kama yalivyo. Soma masharti yake. Lile langu la kwenye flashi halikuwa na masharti, halikuwa na jina, halikuwa na mwenyewe. Nililifuta.

Nikabaki na triga mbili zisizo na cha kufyatua.

Safari ya Wundanyi

Huku mpakani tunalala na kuamka na muziki wa Tanzania, na singeli ilinifundisha jambo. Vijana wa mitaa ya Dar es Salaam kama Manzese na Tandale walianza kuipika katika vyumba vidogo kuliko changu, kwa kompyuta za kawaida, mwendo wa mapigo 200 kwa dakika na zaidi. Hawakusubiri sauti nzuri kutoka ng'ambo. Walichukua vipande vya taarabu, muziki wa harusi za mtaani kwao, wakavikimbiza. Leo singeli inachezwa kwenye matamasha ya Ulaya, na ukiisikia tu unajua imetoka wapi.

Nikajiuliza: cha kwetu ni kipi? Mama ni Mdawida wa milimani. Nikapanda matatu, Maktau, Bura, Mwatate, kisha milima ya Wundanyi na baridi yake, kwenda kwa babu mzaa mama ambaye ujana wake wote alikuwa mpiga ngoma.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu." Akatazama begi langu. "Waya zote hizo za nini? Unakuja kunipima presha?"

Nikamweleza. Nikampigia kiki kwenye simu, nikamwonyesha kijisahani cha shaba. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali ambalo hakuna video ya mtandaoni iliyowahi kuniuliza.

"Unataka ngoma, au unataka mlio?"

Sikuelewa. Akafafanua. Mlio ni mkono na ngozi, huo atanipa. Lakini kama nimekuja kuchukua mdundo wa Mwazindika, nirudi na begi langu. Mwazindika ni ngoma ya Wadawida inayohusu pepo na uponyaji. Haichezwi kwa kupitisha muda. "Ile ina kazi yake na ina wenyewe," akasema. "Mimi peke yangu si mwenyewe. Utaiweka kwenye klabu watu walewe nayo?"

"Hapana, babu."

"Basi tega hiyo mitambo yako."

Pigo moja, faili thelathini na sita

Tulirekodi ndani ya ghala la mahindi. Magunia hunyonya mwangwi kuliko blanketi lolote. Maiki moja niliiweka kama futi mbili kutoka kwenye ngozi, imeinama kidogo. Nikamwomba mapigo ya aina tatu: katikati ya ngozi, ukingoni, na lile la kuziba kwa kiganja. Kila aina kwa nguvu tatu: la kunong'ona, la kawaida, la nguvu. Kila nguvu mara nne. Tatu mara tatu mara nne ni faili 36.

Kwa nini mara nne? Ili programu izipokezane. Pigo la kwanza inatoa faili ya kwanza, la pili faili ya pili, na kuendelea. Ule ukatuni wa mashine unapotea.

Babu alichoka na maneno "tena, babu" kabla hajachoka na ngoma. Lakini alinifundisha uvumilivu mmoja: baada ya kila pigo alikuwa anangoja. Hakugusa kitu mpaka mlio uishe wenyewe hewani. Nilipofika nyumbani kukata faili ndipo nilipoelewa. Sampuli iliyokatwa mkia haina chumba ndani yake. Kata karibu sana na mwanzo wa pigo ili lisichelewe, lakini mwishoni acha mlio ufe wenyewe.

Kabla sijafunga begi, shangazi alileta daftari la shule. Tuliandika ukurasa mmoja: nimempa babu shilingi 2,000 siku hiyo, jina lake litatajwa kwenye kila wimbo utakaotumia mkono wake, wimbo ukiingiza pesa, sehemu yake ni asilimia 10, sitawapa wengine faili bila kumuuliza. Yeye akatia saini, mimi nikatia saini, shangazi akashuhudia. Dakika kumi tu.

Usione ni mbwembwe. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka wa 2001 inamtambua pia mpiga ala: ana haki ya kuamua kama onyesho lake lirekodiwe na kunakiliwa. Na tangu mwaka wa 2016 kuna sheria nyingine inayolinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni. Hiyo inasema anayetaka kuvitumia lazima kwanza aombe ridhaa ya jamii yenyewe. Babu hajasoma hata moja kati ya hizo, ila aliponitenganishia mlio na mdundo alikuwa amezieleza zote mbili. Mlio wa mkono wake aliweza kuutoa yeye. Mdundo wa Mwazindika ni wa watu wengi, walio hai na waliotangulia.

Kurudi kwenye godoro

Nilifungua upya ule wimbo wa kwaya. Nikashusha kizingiti kidogo kidogo mpaka mapigo madogo ya mkono wa kushoto yakaanza kujitokeza, kisha nikafuta kwa mkono yale machache ya uongo. Ilinichukua usiku mzima, na stima ilipotea mara mbili. Nguvu za mapigo nikaziacha kama zilivyotoka mkononi mwake.

Maiki niliyoizima nikaiwasha tena. Hili ni muhimu kuliko yote niliyoandika hapa: sampuli inakaa vizuri ikimsaidia mpigaji, si ikikaa kwenye kiti chake. Sinea ya kanisa, na selotepu yake, ilibaki juu. Kwenye kiki, chini ya ile katoni, nikaingiza ngoma ya babu, pigo la katikati, kwa sauti ya chini.

Mwanzoni kiki ilikonda badala ya kunenepa. Kama ikikutokea, usiongeze sauti. Sogeza picha ya mawimbi karibu kwenye skrini utaona pigo la maiki na pigo la sampuli zimepishana. Zipange vichwa vyake viwe sawa. Kama bado imekonda, geuza wimbi moja juu chini. Kitufe cha kufanya hivyo kipo kwenye programu nyingi. Nilipokibonyeza, meza ilitikisika.

Nikampigia mpigaji simu. Alikuja akiwa bado na vumbi la shamba. Akavaa hedifoni, akakaa kwenye godoro palepale. Mguu wake ukaanza kwenda wenyewe. Alipofika kwenye kiitikio, akaurudisha nyuma, akasikiliza tena, akavua upande mmoja.

"Huyu ni mimi," akasema. Kisha akakunja uso. "Lakini kuna mtu mwingine chini yangu. Mzee."

"Ni babu yangu. Wa Wundanyi."

Akarudisha hedifoni sikioni. "Basi mwandike," akasema, "na mimi uniandike."

Nimewaandika wote wawili. Wimbo haujaingiza pesa bado, na furushi la mlio wa babu lina faili 36 tu, dogo kuliko lolote utakalolipata mtandaoni. Lakini kila faili humo naweza kukuonyesha nyumba ilikotoka. Usiku wa leo, kabla hujaburuta kiki nyingine kutoka kwenye flashi, jiulize kama kuna mtu wa kwenu mwenye ngoma, debe, kayamba au hata sufuria yenye mlio usiosahaulika. Mpelekee sukari na chumvi, mpe salamu, na ubebe daftari.